Jumapili Bila Mheshimiwa

Haya, vuta kiti. Wiki iliyopita tulimwacha Peres Awiti juu ya meza ya kanisa, mdomo wazi, na kidole cha Inspekta kimemwelekea usoni.

Kama gazeti lilikupita, nitakupa kwa ufupi maana nafasi sina. Peres ni karani wa Mheshimiwa Mwanzia, mjumbe wa watu wa mtoni katika Legiko, lile Baraza la kutunga sheria. Kila Jumapili baada ya ibada, Mheshimiwa huja kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka mapya ya Adams, Ngong Road, akapanda meza na kuwapa watu habari ya wiki. Ameuliza nini Barazani, amejibiwa nini, bomba la maji limefika wapi, basi ya alfajiri ya wafanyakazi wa Hill, kule kwa Wazungu, itaanza lini.

Na watu wa mabanda ya mtoni, kule kwa njia ya Kabiria, hufunga milango yao wakaja wote. Wapishi, mayaya, maseremala, wafagiaji wa hospitali. Hakuna anayekubali kukosa habari ya wiki halafu asimuliwe na jirani.

Lakini huu ni mwaka wa hamsini na nane. Hali ya Hatari haijaondolewa, na mkutano wowote unataka laiseni. Laiseni ya Jumapili hii ina jina moja tu, la Mwanzia. Mtu mwingine akifungua mdomo mbele ya watu, ni pingu.

Na Mheshimiwa hajatokea!

"Wewe msichana, shuka!" Inspekta alifoka. "Kama Bwana Mwanzia hapana kuja, hapana mtu kusema. Kwisha sikia?"

Mzungu huyu watu walimpa jina la Bwana Saa. Hakuna aliyejua jina lake la kwao, na hakuna aliyelitaka. Alikuwa anatazama saa ya mkononi kila mara, na Jumapili zote alizokuja hapo wimbo wake ulikuwa mmoja, pesi, pesi, maliza, nenda nyumbani.

"Nimesikia, Bwana," Peres alisema, akashuka.

Alishuka, lakini hakwenda mbali na meza. Alikuwa na habari ambayo haikuweza kungoja Jumapili nyingine.

Turudi nyuma kidogo tu, msinikasirikie. Ijumaa, saa ya chakula, Peres alisimama mbele ya duka la vitambaa pale Victoria Street. Kando yake alisimama kijana mmoja mwenye kofia, naye akitazama vitambaa kana kwamba ameoa wake wanne. Huyo ni Sifuna. Ni karani katika ofisi moja kubwa ya mjini. Ofisi gani, sitasema. Mhariri amenikanya, na mimi bado nataka kula.

"Jumatano asubuhi," Sifuna alisema bila kumtazama. "Watu wakishaenda kazini. Tingatinga itapita pale mtoni ibomoe yote."

"Yote? Na notisi?"

"Hakuna notisi. Wanataka watu warudi jioni wakute uwanja."

"Nani amekwambia, Sifuna?"

"Sijaambiwa. Walikuwa wanapanga mbele yangu, kama mimi ni kabati." Alishusha kofia usoni. "Peres, mwambie Mheshimiwa aseme kila kitu. Watu watoe vitu vyao, watoto wao. Lakini jina langu lisitoke. Wakijua ni mimi, hii si kufutwa kazi. Watanitia kwa lori na hutajua nimepelekwa wapi."

"Haliwezi kutoka. Nikifa nife nalo."

Wawili hawa walikuwa wanangoja mwezi ule mwingine wazee wakae waanze kuzungumza mahari. Kwa hivyo alivyosema nikifa nife nalo, alikuwa hatanii.

Basi hiyo ndiyo shida ya Peres. Habari ya Jumatano itoke, jina la Sifuna lisitoke, na mtu aliyeruhusiwa kusema hayupo.

Mara gari!

"Ni ya Mheshimiwa!" mtu alipiga kelele, na uwanja mzima ukaruka kwa vigelegele. Wanawake walianza wimbo. Gari lilifika likasimama karibu na meza, mlango ukafunguliwa.

Akashuka dereva, Musembi, peke yake. Kola ya shati ilikuwa imechanika.

Wimbo ulikatika.

"Mheshimiwa yuko wapi?" Peres alimkimbilia.

"Wametusimamisha pale Hill, tukitoka mjini. Wamempeleka stesheni ya polisi."

"Wamemshika?"

"Wanasema si kumshika. Ni maswali mawili matatu tu. Eti watamwachilia jioni." Musembi alifuta uso kwa mkono. "Mimi nimeuliza kosa ni gani, ona walivyonifanyia shati yangu."

Peres aligeuka kumtazama Bwana Saa. Alitegemea kuona mtu aliyeshangaa, au aliyefurahi. Hakuona kimojawapo. Inspekta alikuwa anatazama saa.

Watu walianza kuguna. Wengine waliokota watoto wao chini, wengine wakajipangusa vumbi, tayari kuteremka mtoni. Roho ya Peres ilishuka mpaka viatuni. Wakiondoka hivi, Jumatano watakwenda kazini kama kawaida, na jioni watarudi kutafuta milango yao.

Hapo ndipo Mama Nakhumicha aliposimama.

Huyu ni mama yake Sifuna. Hufagia wodi katika hospitali moja kule Hill, na katika kanisa lao dogo la dhehebu la Marafiki pale mtoni yeye ni mzee wa kanisa, tena mwenye sauti. Marafiki hawaapi. Mwaka mmoja aliitwa kortini kuwa shahidi, akapewa Biblia aishike aape, akamwambia hakimu kwamba ndiyo yake ni ndiyo na siyo yake ni siyo, Biblia airudishe kabatini. Watu wote wa mtoni walijua kwamba mama huyu hajawahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsifia mtu chakula.

Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba ufunguo. Mjukuu wake Caren alikuwa na homa, amelala. Alimfunika vizuri, akafunga mlango kwa kufuli ili mtoto asiamke akatangatanga, akaja mkutanoni. Mtu atakosaje habari ya wiki?

"Bwana Inspekta," alisema, "sisi kwetu watu hawatawanyiki hivi hivi kama kuku. Lazima tuombe kwanza."

Peres alijua jibu. Majuma machache yaliyopita Bwana Saa huyu alimkatiza mchungaji katikati ya neema, akisema pesi, pesi.

Lakini sikia maajabu. Inspekta alimgeukia sajini wake, Kilonzo, Mkamba mrefu aliyekuja na kalamu na karatasi kuandika kila neno.

"Sajini. Laiseni nasema nini ya kuomba?"

"Maombi hayataki laiseni, afande."

Bwana Saa alivua kofia. "Haya. Omba. Omba pole-pole tu, hapana haraka."

Pole-pole! Mtu wa pesi-pesi! Watu walitazamana. Mama Nakhumicha alisema kwa sauti kwamba Mungu amemgusa moyo, na Peres naye akaamini hivyo, kwa sababu alitaka sana kuamini.

"Panda wewe," mama alimnong'oneza. "Wewe ndiye unajua mambo ya kuombea."

Wakatazamana. Peres alielewa. Kicheko kilitaka kumtoka, akakibana. Alipanda meza, akafumba macho. Uwanja mzima ukafumba macho.

"Baba yetu wa mbinguni," alianza.

"Ndiyo, Bwana," watu waliitikia.

"Wewe unajua juzi Jumanne mtumishi wako Mwanzia alisimama Barazani akauliza habari ya bomba la maji la mtoni."

"Unajua, Baba!"

"Nawe ulisikia alivyojibiwa. Kwamba pesa za bomba ziko, lakini zimepelekwa kwanza kwa majani ya uwanja wa gofu. Tunakuomba, Baba, uwakumbushe wakubwa kwamba majani hayaogi."

Mtu mmoja alicheka, akapigwa kofi la mgongo na mkewe. Ni maombi haya!

"Nasema nini?" Inspekta alimuuliza Kilonzo.

"Anaomba maji, afande."

"Vizuri. Acha yeye aombe."

Peres alizidi kupata nguvu. Aliombea basi ya alfajiri, akamweleza Mungu kwamba mtumishi wake Mwanzia ameahidiwa itaanza baada ya Pasaka, itasimama hapa Adams kisha Hill, na kwamba nauli yenyewe bado inabishaniwa. Aliombea dispensari. Aliombea taa ya njia panda, pale wanawake wanapokabwa wakitoka kazini, akamwambia Mungu kwamba mtumishi wake amekwenda ofisini kwa ajili ya taa hiyo mpaka mlinzi wa mlangoni anamjua kwa jina. Kila neno watu walilijibu, na Kilonzo aliandika, maji, basi, dawa, taa. Wiki nzima ya Mheshimiwa ilipita hapo hapo mbele ya polisi, na polisi amevua kofia.

Kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Baba, sasa sikiliza hili. Siku ya Jumatano..."

Alifumbua jicho moja kidogo, atazame kama Inspekta amesogea. Hakuwa amesogea. Lakini nyuma ya watu, kando ya uzio, alimwona Sifuna!

Sifuna hakuwahi kuja kwenye mkutano hata mmoja. Karani wa ofisi ile hawezi kuonekana kwa Mwanzia. Na leo huyo hapo, kofia mkononi, jasho linamtiririka, anajipenyeza katikati ya watu waliofumba macho. Alipoona Peres anamtazama, alitikisa kichwa kwa nguvu. Hapana. Hapana!

Peres alikasirika. Anaogopa, aliwaza. Ameniambia niseme, na sasa anaogopa. Hasira ilimpanda, na huruma pia, maana alimpenda. Alifumba jicho lake.

"Siku ya Jumatano asubuhi, Baba, watu wako wakiwa kazini, tingatinga itapita mtoni. Itabomoa nyumba zote. Tunakuomba umwambie kila mtoto wako moyoni mwake atoe vitu vyake Jumanne. Asiache mtu ndani. Asiache mgonjwa. Wewe unajua siku, sisi tumeijua kwa neema yako tu."

Ukatoka mguno mmoja mrefu, kama wa watu msibani. Mwanamke alianza kulia kimya.

"Na sasa nasema nini?" Inspekta aliuliza.

Kilonzo alilamba ncha ya kalamu. "Anaombea nyumba, afande."

Sifuna alikuwa anasukuma watu. "Nipisheni," alinong'ona. "Nipisheni, tafadhali." Lakini nani atampisha mtu katikati ya maombi? Mzee mmoja alimshika mkono akambana hapo hapo bila kufumbua macho. Mama mwingine alimwambia aende akalewe kwingine. Alikuwa hatua chache tu kutoka mezani, na hakuthubutu kupaza sauti.

"Amina," Peres alisema.

Amefanikiwa! Habari imetoka, jina halikutoka, na hakuna pingu. Alitaka kushuka amkimbilie Sifuna.

Lakini jamani, kwa Mama Nakhumicha na wenzake maombi hayaishii hapo. Mmoja akiomba, mwingine lazima ashukuru, na anayeshukuru hutaja majina, mtu kwa mtu. Ukimruka mtu kwenye shukrani atakununia mpaka Krismasi. Ndivyo walivyozoea tangu huko kwao Kimilili, na ndivyo walivyofanya hapo Jumapili zote.

"Asante, Baba," mama alianza, na macho yaliyokuwa yanafumbuka yakafumbwa tena. "Asante kwa Mheshimiwa Mwanzia, huko aliko, umtoe salama. Asante kwa Musembi na shati yake. Asante kwa binti yetu Peres, umempa mdomo. Asante kwa mjukuu wangu Caren, nimemfungia pale chumbani na homa yake, na wewe uko naye. Asante hata kwa huyu Bwana Inspekta, leo umemvua kofia."

"Asante, Baba!"

"Na asante sana," sauti ya mama ilipanda, imejaa fahari na machozi, "asante kwa mtoto wangu Sifuna! Wewe ndiwe ulimweka kwa ile ofisi kubwa. Wewe ndiwe ulimfungua masikio asikie shauri lao, na akaja jana akaniambia, Mayi, mama yangu, funga vitu, nyumba zinabomolewa. Bila yeye tungejuaje, Baba? Umbariki mtoto wangu Sifuna!"

Peres alifumbua macho yote mawili.

Mbele yake, karibu kabisa na meza, Sifuna alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Watu waliofumbua macho walitazama chini. Mama peke yake alikuwa bado anatabasamu, uso ameuelekeza juu.

Kalamu ya Sajini Kilonzo ilikuwa imesimama.

"Nasema nini?" Inspekta aliuliza.

Kilonzo aliinua macho. Alimtazama mama. Alitazama karatasi yake. Kila mtu pale alitazama ile kalamu.

"Anashukuru, afande," Kilonzo alisema.

"Nashukuru nani?"

"Anashukuru Mungu tu, afande. Kwa watoto."

Peres alihisi machozi yanamtoka. Mungu akubariki, Mkamba wewe! Sifuna alirudisha kofia kichwani taratibu, akaanza kugeuka, na mtu mmoja akamwachia nafasi apite.

Inspekta aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Alivaa kofia yake. Alisogea hatua mbili hadi alipo Mama Nakhumicha, akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Huyo mwanao Sifuna uliyemshukuru sasa hivi, ni yupi katika hawa waliosimama hapa?"

Msomaji wangu, shika kiti! Kiswahili gani hicho? Si kile cha hapana kuja, hapana sema. Kilikuwa kimenyooka, cha mtu aliyelelewa nacho tangu utotoni. Majuma yote yale, mikutano yote ile, Bwana Saa alikuwa anasikia kila neno.

"Na wewe, sajini," aliongeza bila kugeuka, "mimi na wewe tutazungumza ofisini."

Kilonzo alisimama wima.

Mama Nakhumicha alimtazama Inspekta, kisha akamtazama Peres pale mezani. Tabasamu lilimwondoka polepole alipoanza kuelewa.

"Bwana," alisema, "mimi sikumwambia mtu. Nilikuwa namwambia Mungu."

"Najua. Nami nilikuwa nasikiliza." Alitazama saa yake, akairudisha chini ya mkono wa shati. "Najua pia watu wa kanisa lako hawaapi. Nimesikia habari yako na hakimu. Sitakuapisha. Nijibu ndiyo au siyo, nitaamini. Mwanao yuko hapa?"

Mama alifungua mdomo.

Neno moja tu. Siyo. Neno dogo hata mtoto hulisema. Peres alimwomba kwa macho alitamke. Umati mzima ulimwomba. Midomo ya mama ikaumba lile neno, na Peres akaona jinsi linavyomuumiza mama yule, miaka yote ile ya ndiyo na siyo inamrudisha nyuma.

"Bwana," mama alisema, "mtoto wangu... mtoto wangu ha..."

"Nyamaza, Mayi. Usiseme kitu."

Sifuna alivua kofia, akatoka mbele. "Sifuna ni mimi. Mwache mama yangu."

"Mungu wangu!" Peres aliruka kutoka mezani. Askari wawili wa Inspekta walimzuia kabla hajamfikia.

"Pingu, sajini," Inspekta alisema.

Na Kilonzo, ambaye dakika moja tu iliyopita alijitia motoni kwa ajili ya kijana huyu, ilimbidi amfunge kwa mikono yake mwenyewe. Alifunga akiangalia pembeni. "Pole, ndugu," alisema chini chini.

Lakini pingu zilipolia, Sifuna alibadilika. Ile hofu aliyokuwa nayo tangu Ijumaa ilimtoka, maana kilichokuwa kinaogopwa kimeshatokea. Aligeuka, akawatazama watu wote, akapiga kelele kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Watu wa mtoni! Si Jumatano! Wamebadilisha! Ni leo!"

"Leo? Leo Jumapili?" watu waliuliza.

"Ni leo saa kumi, mkiwa hapa mkutanoni! Mchana huu wameniita niwafungulie stoo ya mafuta ya tingatinga, ndipo nimejua! Nimekuja nikikimbia niwaambie, Peres, nilikuwa nakutikisia kichwa..."

Askari alimpiga ngumi ya tumbo, akakunjika.

Basi Peres alielewa, na yote yalimwangukia kwa mara moja. Mheshimiwa amewekwa stesheni mpaka jioni. Mabanda hayana mtu, kwa sababu Jumapili watu wote wako hapa. Na yule mtu wa pesi-pesi amevua kofia akasema omba pole-pole, hapana haraka. Hakuwa ameguswa moyo hata kidogo. Alikuwa anataka wakae. Na wamekaa! Bomba, basi, taa, dispensari, shukrani moja moja, mpaka shati ya Musembi.

Inspekta alitazama saa kwa mara ya mwisho.

"Saa kumi na robo," alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Mmeomba vizuri."

Kutoka bondeni, ng'ambo ya ile mikaratusi inayoficha mabanda, ulisikika mngurumo. Kisha mlio wa mabati yanayokunjwa.

Uwanja ulipasuka. Wanawake waliangusha viatu, wanaume waliruka uzio, watoto walilia wakitafuta mikono ya kushika. Lakini kwenye njia ya kuteremkia mtoni, askari walikuwa wameshajipanga na virungu, na wa kwanza kufika waligongwa wakarudi nyuma wakiwa na damu usoni.

Mama Nakhumicha hakukimbia. Alisimama pale pale alipotoa shukrani, na Peres alipomfikia amkumbatie alimkuta baridi kama maji ya kisima. Mama hakumtazama mwanawe aliyekuwa anaburutwa kwenye gari la polisi. Alikuwa anatazama ile mikaratusi.

Mkono wake ulipanda shingoni, ukashika ufunguo.

"Peres," alisema, "mtoto hawezi kutoka. Nimemfungia kwa nje."